Kupimwa Pamoja na Kahawa

Jumamosi, 31 Mei

Kahawa ya mteremko wa juu imeanza kuwa nyekundu. Baba ameizungukia yote asubuhi, akarudi viatu vimelowa umande, akasema wiki ijayo tunaanza kuchuma. Basi na mimi naanza. Mwalimu wetu wa Kiswahili alisema anayetaka kuandika vizuri aandike kila mara hata kama hana la kusema, na mimi Enesi, kidato cha kwanza, mtoto wa kwanza wa Osward na Teresia, leo sina la kusema. Baridi tu. Mdogo wangu Recho ana miaka minane na miguu ya barafu, na kila tukilala anaiweka mgongoni kwangu.

Jumapili, 1 Juni

Shangazi Rozi, dada yake Baba, amekuja kutoka Tunduma. Kazi yake ni kubadilisha kwacha na shilingi pale mpakani. Anashinda anabishana na madereva wa malori, ndiyo maana hata akisema pole anaisema kwa kelele. Ametuletea sukari, mikate na vitenge vya Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Nampenda. Ila sijamaliza hata shikamoo yangu, akanishika bega akanigeuza mbele na nyuma.

"Wifi, huyu mtoto unamlisha nini? Kanenepa huyu. Kawa mmama kabisa."

Mama alicheka mpaka magego yakaonekana, utadhani ndiye aliyesifiwa. Baba naye akasema tunamshukuru Mungu, chakula kipo. Recho aliambiwa yeye bado kijiti, ajitahidi kula. Mimi nilicheka pia, maana mgeni akikusifia unacheka. Baadaye nilijitazama kwenye kioo cha kabati la vyombo nimtafute huyo mmama. Sikumwona vizuri, vikombe vilikuwa vinaziba.

Jumatano, 4 Juni

Mtihani wa hisabati. Umenishinda. Jioni ugali na maharage, nikaongeza.

Jumamosi, 7 Juni

Shule zimefungwa jana. Leo tumechuma tangu ukungu haujaondoka, vidole vikafa ganzi. Mama anachuma huku anaimba. Baba anachuma polepole lakini hakosei, hutakuta hata punje moja mbichi kwenye kikapu chake. Recho ananyonya utamu wa maganda kuliko anavyojaza kikapu. Mimi ndiye ninayeshusha ndoo hadi chini. Kuna watu walipita njiani, Baba akawaambia mwaka huu hakutafuta vibarua, ana Enesi. Nilifurahi sana, basi tu sikuonyesha.

Jumanne, 10 Juni

Leo nitaandika mengi.

Inabidi nieleze kwanza, maana siku moja nitasoma hapa nikiwa mtu mzima na nitakuwa nimesahau. Kijijini kwetu, siku ya kwanza nyumba inapopeleka kahawa kwenye mtambo wa chama cha ushirika, watoto wa nyumba hiyo wanapimwa. Kahawa inapanda mizani kwanza, halafu watoto. Mpimaji ni Mzee Yonasi. Anasogeza chuma cha mizani, anataja kilo kwa sauti, na watu walio kwenye foleni wanapiga makofi. Mtoto akiwa ameongezeka tangu mwaka jana, wazazi wake wanapewa mkono wa pongezi na yeye anapewa pipi. Hakuna anayejua ni nani alianzisha. Baba mwenyewe alipimwa, na aliyempima ni huyuhuyu Mzee Yonasi. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunaficha mawe mifukoni ili tuwe wazito.

Kwa hiyo nilipanda mwenyewe, sikusukumwa na mtu. Mama alikuwa ametangulia kupanda kwa utani, watu wakacheka naye. Mzee Yonasi akasogeza chuma. Akasogeza tena. Akaongeza jiwe la mizani. Kisha akamgeukia Baba.

"Osward, hapa una gunia zima la kahawa, na bado kuna kilo zinabaki."

Akazitaja. Sitaziandika. Zilikuwa nyingi kuliko za Mama. Watu walipiga makofi hadi waliokuwa wanaosha kahawa kule chini wakaja kuona kuna nini. Baba alivua kofia akapokea mikono ya watu. Mpakiaji mmoja wa magunia akasema huyu sasa ameiva, posa zianze kuletwa, watu wakaangua kicheko. Baba akamjibu kwamba mtoto anasoma, lakini alijibu akiwa bado anacheka. Mimi nilikuwa pale juu ya chuma cha baridi, miguu mitupu, blauzi ya mwaka jana imenibana kifuani, na watu wote wananitazama palepale inaponibana.

Recho alipanda baada yangu. Alipigiwa makofi mawili matatu ya kumwonea huruma. Mama akamwambia asijali, atanenepa tu kama dada yake.

Pipi yangu nilimpa Recho. Njiani nilitembea nyuma ya wote, mikono nimeikunja kifuani, na Mama aliimba njia nzima. Hakuna aliyenitukana. Hakuna aliyenichukia. Wote walikuwa na furaha yao, na mimi nilitamani ardhi ipasuke niingie. Hata sijui nimwambie nani, maana nikisema wamenikosea wataniuliza wamenikosea nini.

Jumatano, 11 Juni

Sikunywa chai. Nilisema tumbo linauma.

Ijumaa, 13 Juni

Nilipokwenda bombani kuchota maji, wavulana wa kidato cha pili walikuwa pale. Mmoja akasema tupisheni, gunia linapita. Ruti, rafiki yangu, aliwapa vidonge vyao, wakanyamaza, lakini jina limeshanasa. Ruti akaniambia niwapuuze. Ni rahisi kwake, yeye mwembamba, kila nguo inamkaa.

Jumatano, 18 Juni

Baridi imezidi. Kuna upepo unaotoka upande wa Ileje unaopenya hata sweta mbili. Nimegundua kwamba nyumbani kwetu hakuna anayeangalia sahani ya mtu aliyekaa karibu na mlango. Nakaa karibu na mlango. Mbwa wetu amenona. Ndani ya sketi najifunga kipande cha khanga kwa nguvu, na nikikifungua kabla ya kulala Recho ananiangalia tu, haulizi.

Jumapili, 22 Juni

Kanisani. Njaa iliunguruma wakati wa sala ya kimya. Ruti alicheka, mimi sikucheka.

Jumapili, 29 Juni

Leo mama mchungaji alinishika mkono pale mlangoni akaniambia nimependeza, kiuno kimeanza kuonekana, sasa naelekea kuwa msichana. Mama alikuwa nyuma yangu, akasikia, akatabasamu kwa furaha ileile ya siku ya Shangazi. Yaani walewale walionipigia makofi kwa unene ndio wananisifia wembamba. Watu wazima hawana msimamo. Lakini sitasema uongo humu ndani, nilirudi nyumbani naruka. Nikasema nikipungua kidogo tena nitaacha.

Jumanne, 8 Julai

Shule zimefunguliwa. Mstarini niliona nyota mchana kweupe, nikashika bega la Ruti.

Jumamosi, 12 Julai

Tumechuma mzunguko wa pili. Nilibeba ndoo nusu, Baba akachukua nusu nyingine. Nywele zinabaki kwenye kitana. Mwezi umepita na siku zangu sijaziona. Jioni Mama alinitazama muda mrefu nikiwa naosha vyombo. Nikajikausha.

Jumatano, 16 Julai

Mama hakuniambia tunakwenda wapi. Alisema tu nivae vizuri. Tulipopita njia ya zahanati nilidhani anakwenda kuchukua dawa zake za kifua. Alitembea mbele haraka, hakuongea hata neno moja, na Mama asipoongea ujue kuna jambo.

Muuguzi pale anaitwa Alinanuswe, mama mmoja mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Mama alimnong'oneza. Nikapewa kikopo nikaambiwa nikakojoe. Hapo ndipo nilipoelewa. Mama yangu alidhani nina mimba. Mimi, ambaye sijawahi kusimama na mvulana hata njiani. Nilikojoa huku nalia, nikatoka nikamkabidhi muuguzi kikopo bila kumtazama mtu.

Hakuna mimba. Mama aliposikia alikaa kwenye benchi akalia kwa sauti, akawa anasema asante Yesu, asante Yesu. Muuguzi akamwacha pale nje, akanivuta ndani akafunga mlango. Hakunipima uzito. Mizani ilikuwa pale konani, niliiona, na yeye aliona ninavyoiangalia. Akaniuliza jana nimekula nini. Nikamwambia ugali na maharage.

"Sawa," akasema. "Nitakuuliza tena utakaporudi. Swali litakuwa hilohilo, na mimi sina haraka."

Njiani Mama alitaka kunishika mkono. Nikauvuta. Namkasirikia.

Alhamisi, 17 Julai

Sijaongea na Mama.

Ijumaa, 18 Julai

Bado. Ameniwekea yai la kuchemsha kwenye mfuko wa shule. Nimempa Ruti.

Jumapili, 27 Julai

Shangazi Rozi tena. Majirani walishampigia simu kwamba mtoto wa kaka yake anakwisha. Alifika, akanigeuza mbele na nyuma vilevile kama mwanzo, akapiga kofi mapajani. Umebaki mifupa, akasema, sura imekuwa ya bibi kizee, mwanaume gani atakuangalia. Baba akamwambia aache. Shangazi akasema yeye anasema ukweli kwa sababu anapenda.

Nilikuwa mnene akasema. Nimekuwa mwembamba akasema. Nikiwa mtungi atasema nini? Nilitoka nikakaa kwenye vichanja vya kahawa, nikawa nageuza punje zinazokauka, maana kahawa haisemi na mtu.

Jumamosi, 2 Agosti

Lazima niandike leo.

Tulikuwa shambani tangu asubuhi. Saa sita Mama akafungua hotipoti, akatugawia ugali na maharage na mboga ya maboga. Nikachukua sahani yangu nikazunguka nyuma ya miti ya kahawa kama kawaida yangu. Nikamkuta Recho ameshanitangulia. Amechuchumaa, ana kijiti, anachimba shimo kwenye majani makavu. Ugali wake umo ndani ya shimo.

Nilipomuuliza anafanya nini alishtuka, sweta ikapanda juu. Alikuwa amejifunga kitambaa cha kichwa tumboni, amekikaza, mpaka ngozi ina mistari.

"Nani amekufundisha hivi?"

"Wewe," akasema.

Alisema bila ubaya wowote, kama ninavyomfundisha kusuka au kuandika herufi. Nikamwambia yeye ni mdogo, ni mwembamba, hana hata nyama ya kufunga. Akaniambia hataki Babu Yonasi amwite gunia mbele za watu. Nikamwambia hawezi kumwita gunia. Akanitazama kama mimi ndiye mjinga. Mama alishasema atakuwa kama mimi, akanieleza, kwa hiyo yeye ameanza mapema.

Aisee, sijawahi kuogopa hivyo. Mimi nilivyokuwa naona nyota sikuogopa. Nilipokojoa kwenye kikopo sikuogopa, nilikasirika tu. Lakini ile mistari kwenye tumbo la Recho ilinikata maini. Nikapiga kelele kumwita Mama. Nilimwita kama mtoto aliyeumwa na nyoka, na Mama akaja mbio anadhani ni nyoka, na Baba nyuma yake ana panga.

Nikawaambia yote. Mizani, makofi, yule wa posa, bombani, mbwa, khanga, mama mchungaji, yai nililompa Ruti. Nilisema bila kupumua. Recho naye akaanza kulia kwa sababu mimi nalia. Baba akaliweka panga chini.

Mama alikaa palepale kwenye majani. Nilijua atanigombeza kwamba nimechezea chakula, maana kwetu kuchezea chakula ni kosa kubwa kuliko kuiba. Hakunigombeza. Alianza kunisimulia habari ambayo sijawahi kuisikia. Mama kwao ni Chitete, kule Momba, bondeni. Alipokuwa na umri kama wa Recho mvua ziligoma. Alikuwa na mdogo wake, Erica, mtoto wa mgongoni. Kila mwezi bibi alikuwa anampeleka Erica kliniki, wanamtundika kwenye ile mizani ya kuning'iniza, na kila mwezi mshale unasimama chini ya ulipokuwa mwezi uliopita. Akina mama wengine walikuwa wanaangalia pembeni ili wasimwaibishe bibi. Mvua zilikuja, Erica akiwa ameshazikwa.

"Nilipoolewa huku nikaona watu wanapigia makofi uzito wa watoto, nikasema hapa ndipo nyumbani," Mama akasema. "Kila ukipanda ile mizani, mimi namwona Erica anaongezeka. Tulikuwa tunashukuru, mwanangu. Hatukujua kwamba tunashukuru kwa kukuumiza."

Akamvuta Recho akamfungua kitambaa. Kisha akanivuta na mimi, akapitisha mkono chini ya sketi, akafungua kipande cha khanga, taratibu, kama alivyokuwa akituvua nguo ili atuogeshe tulipokuwa wadogo. Sikumzuia. Hasira yote ya kikopo ilikwisha hapohapo, nikamlalia begani nikalia tena.

Baba alifukia lile shimo kwa mguu, akabeba ndoo, akasema twende nyumbani. Kahawa imeiva mtini na jua bado liko juu, na Baba akasema twende nyumbani. Hajawahi kufanya hivyo tangu nizaliwe.

Jumatatu, 4 Agosti

Zahanati. Muuguzi Alinanuswe akauliza jana nimekula nini. Nikamwambia ukweli, vijiko vitatu. Akasema asante kwa kuniambia. Kasema nianze na uji, kidogo kidogo mara nyingi, na mwili nilioutisha hautarudi kwa siku moja. Akamwita Mama ndani, akamwambia kuanzia leo nyumba nzima hakuna kutaja mwili wa mtoto, si kwa ubaya si kwa uzuri. Mama akauliza hata kumsifia? Muuguzi akasema hasa kumsifia. Mama alionekana kama mtu aliyenyang'anywa nusu ya maneno yake.

Jumatano, 6 Agosti

Jana Baba alikwenda kwa Mzee Yonasi. Mama ananiambia mzee alicheka kwanza, halafu akakasirika, akasema amepima watoto tangu Baba hajaota ndevu na hakuna aliyekufa. Baba akamwambia basi huyu wake nusura awe wa kwanza. Akaondoka bila kuaga.

Leo mzee amekuja mwenyewe. Amebeba maparachichi kwenye kofia. Alikaa kwenye kigoda akaiweka kofia magotini na maparachichi yake yote, akasahau kuyatoa. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumnunia. Nilikuwa na maneno makali nimeyapanga tangu Juni, na yalikuwa mazuri. Lakini alikuwa mzee kuliko nilivyomkumbuka, na alikuwa ananiangalia usoni tu, kwa juhudi, macho yasishuke, mpaka nikaona anavyopata taabu. Akasema bado kuna nyumba chache zinaleta kahawa kwa mara ya kwanza wiki hii, na watoto wanasubiri. Akaniuliza afanyeje. Mzee wa umri ule ananiuliza mimi.

"Pima kahawa tu, babu," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Alipoondoka Recho akamkimbilia kumkumbusha kuhusu maparachichi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane, hatuendi shule. Uji, kikombe kimoja. Nililia, nikamaliza. Recho naye kikombe kimoja. Ameweka sharti kwamba hanywi mpaka mimi ninywe, ananitazama juu ya ukingo wa kikombe chake, nami sina pa kukimbilia.

Jumamosi, 9 Agosti

Ruti amesikia kwamba mtamboni jana watoto wa nyumba mbili waligawiwa pipi bila kupanda mizani. Mzazi mmoja alilalamika kwamba anadhulumiwa furaha yake. Mzee Yonasi akamwambia mizani ni mbovu kwa watoto, ni nzima kwa kahawa, asiyetaka aende mtambo mwingine. Nilicheka mpaka tumbo likauma, na safari hii si kwa njaa.

Jumatano, 13 Agosti

Siku mbaya. Nilijitazama, nikamwaga uji. Nikamwambia Mama mwenyewe kwamba nimemwaga. Akasema sawa, akapika mwingine, akakaa na mimi. Hakuniangalia ninavyokunywa, alikuwa anachambua maharage na kunisimulia jinsi Baba alivyoanguka kwenye tope siku alipokwenda kwao kujitambulisha.

Jumamosi, 16 Agosti

Shangazi Rozi amekuja. Mama alishaongea naye kwenye simu, na simu hiyo ilikuwa ndefu, na sehemu kubwa Mama ndiye aliyekuwa anaongea. Leo alishuka kwenye bodaboda, nikampa shikamoo, akaniitikia, akanyoosha mkono kunishika bega anigeuze. Mkono ukasimama hewani. Akafungua mdomo. Akaufunga. Nilimwona maskini anatafuta salamu nyingine humo ndani kwake na haioni.

"Eh," akasema mwishoni. "Vipi wale walimu wenu, wanafundisha?"

Nikamwambia wanafundisha. Akasema vizuri. Tukabaki tumesimama kama watu wa ofisini.

Baadaye nilikuwa naanua kahawa kwenye vichanja kabla ya umande, akaja kunisaidia na pete zake zote vidoleni. Akaniambia, bila kelele safari hii, kwamba yeye alipokuwa msichana bibi zake walimwita Sufuria kwa sababu ya weusi wake. Walimwita mpaka siku ya harusi, mbele ya wakwe. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba aliumia. Alidhani ndivyo watu wanavyopendana. Fedha yake ya kwanza Tunduma aliinunulia mafuta ya kujichubua, na hadi leo hakai juani bila mwavuli. Nikamwangalia vizuri. Siku zote nilimwona mtu mkubwa mwenye kelele, kumbe yupo Sufuria humo ndani, hajawahi kuombwa radhi na mtu.

Akaniomba radhi mimi. Alisema neno lenyewe, samahani, na alilisema huku anaokota punje zilizoanguka. Nikamwambia yameisha, Shangazi. Nashukuru kwamba alikuja. Angeweza kukaa Tunduma na kwacha zake.

Jumapili, 24 Agosti

Kande, bakuli zima. Sikuhesabu vijiko.

Ijumaa, 29 Agosti

Bombani yule wa kidato cha pili amesema gunia limetoboka. Nikamwambia ndiyo, na wewe ukachungulie kilichomwagika ujifunze hisabati. Haina maana sana lakini Ruti alicheka hadi akakaa chini. Hisabati yenyewe bado inanishinda.

Jumatano, 3 Septemba

Tumemaliza kuchuma. Miti imebaki na majani yake tu. Upepo umepungua, mchana kuna joto kidogo. Nilishusha ndoo ya mwisho mwenyewe, nzima, na Baba akanipisha njia.

Nimekaa kufikiria watu wa nyumba hii. Mwezi wa sita nilidhani hawanioni. Walikuwa wananiona sana, ila hakuna aliyewafundisha kuona kitu kingine. Sasa wanajifunza na umri wao huo, na wanakosea, na wanarudi tena. Juzi Mama alisema "umepen" akajiziba mdomo kwa mwiko. Nina bahati kuliko Shangazi.

Jumapili, 7 Septemba

Leo ilikuwa sikukuu ya mavuno. Kanisa lilijaa mahindi, maharage, ndizi, kuku waliofungwa miguu na kahawa kwenye vibakuli. Kabla ya mnada, wakuu wa kaya wanasimama mmoja mmoja kusema wanashukuru kwa lipi. Ni desturi, na kila mtu ana maneno yake ambayo hayabadiliki. Baba miaka yote anasema hivyohivyo: anashukuru kwa magunia, anashukuru kwa ng'ombe, na anashukuru kwamba watoto wamenenepa, na mizani ya chama ni shahidi. Hapo watu hucheka na kusema amina kubwa.

Nilijua inakuja. Tangu asubuhi nilikuwa naijua. Mwili wenyewe bado haujarudi sawasawa, na kanisa zima limeshasikia habari zangu, na nilijua Baba akifika kwenye lile neno watu wote watageuka kuniangalia, waone kama ni kweli. Mama alikuwa ameshika mkono wangu upande huu na wa Recho upande ule. Mzee Yonasi alikuwa mbele yetu, benchi la pili, shingo imekakamaa.

Baba alisimama, kofia mkononi. Akashukuru kwa kahawa. Akashukuru kwa ng'ombe kuzaa ndama jike. Halafu akanyamaza. Alinyamaza mpaka kuku mmoja kule mbele akalia na watu wakaanza kujigeuza kwenye mabenchi. Baba yangu si mtu wa maneno, ana yale machache aliyoyazoea, na mwaka huu ameyaacha nyumbani.

"Namshukuru Mungu kwa Recho," akasema. "Na namshukuru Mungu kwa Enesi."

Mzee wa kanisa alikuwa ameshainua mkono kuongoza amina, akauacha juu, akimsubiri aseme kwa sababu gani. Baba alikuwa ameshakaa.